Gamba Kwenye Rojo la Kaa

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Haya, nimebonyeza. Renetta, mwanangu wa Baltimore, ndiye kanipa simu hii. Eti niseme tu, itashika maneno yenyewe. Kusoma sijui. Wenzangu walikaa shule, mimi nilikaa banda la kuchambua nyama ya kaa, hapa hapa Crisfield, miaka hamsini na mbili — kisu kidogo, vidole, na nyimbo.

Macho yameingia ukungu. Sijamwambia mtu. Ila Renetta ananishuku, anataka nikaishi kwake, ghorofa ya tisa. Ghorofa ya tisa! Matope ya ghuba nitayanusia wapi?

Nikamwambia rojo la kaa la Jumapili ya Kurudi Nyumbani kanisani, wale waliohama wanaporudi, nalipika mimi, kama kila mwaka. Akikuta gamba hata moja, nafunga sanduku langu mwenyewe, nahamia kwake. Kakubali. Mdomo wangu huu!

Ijumaa, 5 Septemba

Idella kaleta kaa, kikapu kizima, wa mvuke, bado wa moto. Tulichambua naye meza moja tangu wasichana. Kaniangalia nikipapasa kiti, akasema si ninunue nyama ya kopo, nani atajua? Nikamwambia, "Shoga, hiyo kawape paka wako." Kacheka mpaka kakohoa. Halafu akaniwekea kiti vizuri.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimechambua tangu asubuhi. Macho ya nini? Kaa namjua gizani. Kidole kinaingia pale nyuma, nyama nene inatoka nzima, laini kama sikio la mtoto mchanga. Gamba nalikamata kwa sikio: unadondosha nyama kidogo kidogo kwenye sinia la bati. Nyama haisemi kitu. Gamba linalia — ti!

Ukungu ulikuwa umekaa dirishani, mvuke umekaa jikoni, sikujua kipi ni kipi. Nikaanza kuimba. Sikuimba peke yangu, wallahi — hapana, hiyo ifute, mimi Mmethodisti. Nasema kweli: niliwasikia. Banda zima. Mama yangu na sauti yake nene, marehemu wote na aproni zao, visu vinakwenda pamoja. Mama kasema, polepole Velvie, kaa hakimbii tena. Nikawa nacheka, nachambua, naimba.

Nilipozinduka bakuli limejaa.

Nikachanganya. Chizi laini, mayonezi, limau, haradali kidogo, viungo vyetu vyekundu. Nyama mwisho, unaigeuza taratibu kama unamgeuza mtoto aliyelala, isivunjike. Kesho naiingiza oveni ya kanisa mpaka ichemke pembeni.

Sasa nimelala, nawaza. Zile konzi za mwisho — nilizidondosha kwenye bati? Au tuliimba tu?

Jumapili, 7 Septemba

Niko jiko la kanisa, nasema chini chini. Nje wanakula. Rojo limetoka zuri, juu limepiga rangi, linanukia mpaka mchungaji kafupisha dua. Watu wanachovya mikate, hawaongei. Hiyo ndiyo sifa.

Renetta alikaa kando yangu. Kachovya, kaweka mdomoni. Nikasikia — ti. Ndani ya meno yake. Miaka hamsini na mbili, sauti hiyo hainipiti.

Leso ikaenda mdomoni, ikarudi.

Nikamuuliza, "Vipi?"

Kasema, "Safi, mama. Safi kabisa." Akaomba mkate mwingine.

Mwanangu huyu! Tangu kuzaliwa hajawahi kunidanganya. Hata siku ya kumzika baba yake, nilipouliza nguo nyeusi imenikaaje, alisema mbaya.

Nikachukua sahani yake, na leso juu yake, nikasema naleta nyingine, nikaja nayo huku. Leso nimeipapasa. Gamba limo. Dogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Ningelitupa kwenye sinki, nani angejua? Nyumba yangu ingebaki yangu.

Huyo anakuja, viatu vyake navijua. Ananiita. Mama, uko wapi, wanataka kukupigia makofi. Nimelifumba mkononi, linanichoma —

"Niko huku, mwanangu. Funga mlango kwanza."