Ngata ya Babu Iko Kwihara

Kwihara, Jumatano

Mdogo wangu Koleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Goti vipi? Na tumbaku ya huko Goweko imekauka? Mimi mzima, ni meno tu, na hayo yamebaki manne. Anayeandika ni mjukuu wangu Julieth. Nimemwambia aandike yote, asinichagulie maneno.

Koleta, ile nyumba ya vitu vya kale ninayofagia ilitaka kuwafungia mlango watoto wa chekechea. Bwana Twalibu, msimamizi wetu, alisema wanapiga kelele, wanashikashika vioo, hawaelewi kitu. Nikamwambia apige magoti. Mtu mzima, na suruali ya pasi! Akapiga. Akaona nini? Miguu ya meza. Nikamwambia ndicho wanachoona wao, sasa waelewe nini? Akanipa siku moja, nikishindwa basi.

Nikatandika jamvi, vitu vya kushikika nikavishusha chini. Chumba cha mbele nikakiita Tabora, baraza la nyuma Bagamoyo. Mtoto kwa zamu yake anawekewa kichwani ngata ya magome niliyotoka nayo nyumbani, na kifurushi cha mchanga juu yake, haya, twende pwani! Wa kwanza hata mlango hajavuka, anauliza kama pwani bado. Mwingine alikaa chini akasema yeye ni mpagazi mgonjwa. Kuna kasichana kanaitwa Zamda, kalitaka kujua mpagazi akifika nani anamtua. Bwana Twalibu alicheka mpaka akajitwika mwenyewe. Sasa wanakuja kila Jumanne, na makabati ya vioo yanashushwa.

Huyo huyo Zamda aliigeuzageuza ile ngata ya magome, akauliza ya nani. Nikasema ya babu yangu, alikuwa mpagazi. Akauliza kama alinipa. Nikajifanya nakohoa.

Hakunipa. Alimpa mama, na mama alikuachia wewe. Niliichukua mimi sandukuni mwako, siku ya matanga yake. Ulipomwita wifi Advera mwizi mbele ya watu, nilikuwa nakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Miaka kumi na moja hamsalimiani. Julieth ameacha kuandika, ananitazama; nimemwambia andika.

Jumapili baada ya misa nakwenda Kigwa kwa Advera, nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu. Wewe njoo Jumanne uchukue ngata yako. Sitabisha. Ila kaa kwanza pale mlangoni uwaone wanavyokwenda nayo pwani, halafu Zamda umwambie wewe kwamba inaondoka.

Nisalimie wanao wote, na yule mbuzi mweupe kama bado mnaye.

Ni mimi dada yako,
Josepha
(nimeweka dole gumba)