Macho Yangu Hayatazami Pamoja

Ghorofa ya pili, nyuma ya soko
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Mguu umepoa? Shemeji na watoto wazima? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Nakuandikia jicho moja likiwa limefunikwa kitambaa, kwa hiyo mistari ikipanda mlima, nivumilie.

Nilianguka saluni nikibadilisha taa, nikapiga kichwa sakafuni. Nilipozinduka, jicho la kushoto lilikuwa limegeukia puani, na kila kitu nakiona mara mbili. Mteja mmoja, masikio manne! Nilicheka. Kisha nikamkata mtu sikio, nikaweka wembe chini.

Daktari wa macho alinieleza polepole. "Msuli unaovuta jicho hili upande wa nje haupokei amri sawasawa. Macho yako hayatazami pamoja, kila moja linapeleka picha yake."

"Mbona mtoto wa jirani ana makengeza na haoni viwiliviwili?"

"Ubongo wa mtoto huizima picha moja. Wako hauwezi tena. Tusubiri, huenda jicho likarudi lenyewe. Lisiporudi, tutafanya upasuaji."

Basi nasubiri. Nikifungua macho yote, ngazi zinakuwa mbili, sijui nikanyage ipi. Nikifunika moja, chai naimimina pembeni ya kikombe. Nashinda humu ndani, Dada, kati ya kitanda na dirisha, nikisikia mashine yangu ya kunyolea ikinguruma saluni huko chini. Mke wangu ndiye anayenyoa sasa. Nasikia wateja wanampenda kuliko mimi. Nafurahi, na roho inaniuma.

Juzi daktari alinibandikia kwenye miwani plastiki maalumu inayopindisha mwanga. Nikitazama mbele tu, shingo imekakamaa kama mti, picha zinaungana; nikiinama kuandika zinaachana, ndiyo maana ya kitambaa. Mke wangu alipopanda jioni nilimkalisha mbele yangu.

"Unanitazama nini wewe?"

Nilimwona mmoja, kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Amekonda, Dada. Mashavu yameingia ndani, vidole vimevimba. Miezi yote hii nalalamikia chumba, na yeye hakusema neno. Nikamwambia kesho asifungue saluni, apumzike. Akacheka, akashuka kufagia nywele.

Nisalimie Shemeji, Shangazi, na kitinda mimba wako mtundu. Mungu awatunze nyote, na sisi atufungulie njia.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako, Kinyozi