Kanuni Niliyoiandika Ukiwa Wodini

Kwako kaka yangu Kioko,

Jumapili iliyopita nilifika nyumbani Kangundo nikakuta mama amepalilia pembeni mwa kaburi lako. Akaniuliza kama kazini wananitendea vizuri sasa kwa kuwa wewe hupo. Nikamwambia ndiyo. Huo ni uongo wa pili ninaousema kuhusu kazi hiyo. Wa kwanza nilikuambia wewe.

Unakumbuka siku uliyoniingiza kwenye chumba cha kompyuta pale kwenye kiwanda cha nguo Athi River? Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, najiona najua kila kitu. Ukanionyesha firewall, ule ukuta wa mtandao unaochuja kila kinachoingia na kila kinachotoka. "Wengi wanalinda kuingia tu, Mwende," ukasema. "Mimi nalinda kutoka pia. Mashine haina sababu ya kuongea na dunia nzima." Kila kanuni uliyoiandika uliiwekea jina lako, sababu yake na siku ya kuifuta. Nilikucheka, nikasema unaandika kama karani wa kanisa. Ulicheka nami, lakini hukuacha.

Halafu mapafu yakakulaza hospitalini Machakos mjini, nikabaki peke yangu.

Siku ile tulikuwa tunabadilisha programu inayosoma presha ya boila, ile ya mvuke wa pasi. Unajua zilivyo programu zetu: zinakaa kwenye ghala la mbali huko kwa wingu, yaani kompyuta za watu mtandaoni, zimefungashwa kama kontena, na kila moja tunaiita picha ingawa haina cha kutazama. Niliruhusu seva, kompyuta inayosimamia boila, ifike kwenye jina la ghala. Ikatambuliwa, ikaanza kupakua, ikakwama. Nikajaribu tena, ikakwama palepale. Ghala lile hupokea wageni kwenye anwani moja na kutoa mzigo kwenye nyingine, na hiyo ya pili sikuwa nimeiruhusu. Wewe ungesoma kumbukumbu za ukuta, ukaona jina lililozuiwa, ukaliongeza hilo tu. Lakini nyuma ya kiti changu alikuwa amesimama meneja.

"Watu wamekaa bure huko chini," akasema. "Fungua yote, iishe."

"Nikifungua yote, seva itafika popote."

"Si ni ya leo tu?"

Nikaandika: kutoka seva ya boila, kwenda popote, ruhusu. Penye sababu nikaweka "ya muda". Penye siku ya kufuta sikuweka kitu. Picha ikashuka yote, meneja akanipiga bega, akaondoka.

Saa saba mchana nilikuja kukuona. Ulikuwa na mpira wa oksijeni puani, na bado jambo la kwanza kuniuliza lilikuwa, "Ukuta uko aje?"

"Uko sawa, kaka. Nimeongeza jina moja tu."

Ukafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Siku tatu baadaye ukatuacha. Tulikuzika, nikarudi kazini, na ile kanuni nilikuwa nimeisahau kabisa.

Wiki chache baadaye akaja mkandarasi kurekebisha skrini za boila. Alitaka programu ndogo ya kuchora grafu, akaipakua kutoka ghala la umma ambako yeyote anaweza kuweka picha yake. Ukuta haukumzuia. Ndani ya picha ile kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kikaanza kuongea na anwani nisiyoijua, kila baada ya dakika chache, mchana kutwa. Kilikula nguvu ya seva kidogo kidogo hadi programu ya presha ikashindwa kufanya kazi. Skrini haikuzima, kaka. Ilibaki na namba ileile ya kijani asubuhi nzima, na mimi nikiipita naona mambo ni shwari.

Mzee Ndambuki, mtu wa boila, akanipigia simu. "Mwende, sindano ya geji huku inapanda na skrini yako imelala."

"Skrini iko sawa, mzee. Hiyo geji ni ya zamani. Ngoja nimalize kitu nije."

"Mwiitu wakwa, binti yangu, mimi niko hapa. Naisikia."

Hakungoja. Alienda kuifungua vali kwa mkono, na mvuke ukamchoma kutoka bega hadi sikio. Mafundi walisema angenisikiliza mimi, boila ingepasuka, na nyuma ya ukuta wa chumba cha boila ndipo wanapokaa akina mama wa pasi.

Nikasoma kumbukumbu. Nikaikuta kanuni yangu. Nikaifuta, nikaweka majina mawili ya ghala kama ulivyonifundisha, nikapeleka karatasi ya maelezo kwa meneja. Alisoma, akasimama, akafunga mlango.

"Kanuni hii ilipoandikwa Kioko alikuwa bado mkuu wa kitengo, sivyo?"

"Alikuwa wodini."

"Lakini alikuwa mkuu. Tuandike ni yake. Yeye hakuna wa kumfuta kazi."

Ripoti ikaandikwa hivyo. Wiki mbili nzima jina lako lilisomwa mikutanoni kama jina la mtu mzembe, na mimi nikiwa nimekaa mezani, kalamu mkononi.

Kisha nikaenda kumtazama Mzee Ndambuki kwake. Shingo ilikuwa bado imefungwa bandeji. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kioko nilimkosea nini?" Hapo nikashindwa kuficha. Nikamwambia yote, hata uongo niliokuambia kitandani. Akauliza, "Na hicho kitu kimetoka?"

Seva ya boila ilisafishwa, lakini kabla ya hapo ilikuwa imeongea na mashine nyingine zote za kiwanda. Niliomba zote zizimwe na zipangwe upya. Wakasema oda hazingoji.

Nikaandika ripoti yangu, nikaisaini, nikaipeleka kwa wakurugenzi na kwa mkaguzi wa usalama. Jina lako limeondolewa. Niliona kwa macho yangu. Siku hiyohiyo walichukua kadi yangu ya kuingilia. Mkaguzi bado hajafika.

Kesho asubuhi boila inawashwa tena, na zile mashine nyingine bado hazijasafishwa. Nitasimama nje ya geti kabla wafanyakazi hawajaingia, nimweleze kila atakayekubali kusimama. Nilianza leo na Mbithe, anayepiga pasi karibu kabisa na ukuta wa boila. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono.

"Nimekuelewa, dada," akasema. "Lakini nikikosa kesho, wanampa mtu mwingine nafasi yangu."

Nisamehe, kaka. Lala salama.

Dada yako,
Mwende