Muhuri Ulioangukia Jina

Jumatatu, 4 Machi
Orodha ya mkaguzi wa shule imefika. Vitabu kumi na vinne vitoke katika maktaba yangu ya shule kabla ya Jumanne ijayo. Mara ya kwanza nimeisoma bila miwani, nikadhani ni vya mapishi. Kumbe vya watoto. Kimoja kinasimulia binti kiziwi anayetengeneza saa — kila ukurasa una michoro ya mikono inayoongea kwa ishara. Sababu: “Kinafundisha lugha ya siri.” Siri gani? Ukurasa wa tisa mikono inasema “nina njaa”.

Anacho Vidole, wa darasa la tano, kiziwi pekee shuleni. Amekiazima mara kumi na moja. Kupitia hicho wenzake wawili wamejua kumwambia “njoo tucheze”.

Jumatano, 6 Machi
Nimepiga muhuri asubuhi nzima. IMEONDOLEWA. Kitabu, kisha kadi yake. Mkono umekufa ganzi, na akili nayo. Kitabu kikiazimwa, kadi yake huwa naichomeka ndani ya kadi ya msomaji, iliyokunjwa kama mfuko. Ya kitabu cha Vidole sikuichomoa. Nikapiga juu kwa juu, muhuri ukaangukia jina la mtoto.

Miaka ishirini na mbili kazini. Nimejicheka. Kesho nitamwandikia kadi mpya.

Alhamisi, 7 Machi
Jina halisomeki chini ya wino. Na mimi silikumbuki — sote tunamwita Vidole. Nikaenda kwa mwalimu wake wa darasa. Kafungua daftari la mahudhurio, kidole kikashuka, kikapanda.

“Vidole yupi, Mama Kadi?”

“Kiziwi wako.”

“Mimi sina kiziwi. Au hujanywa chai bado?”

Tukacheka. Mimi kidogo kuliko yeye. Nyuma yake, dawati la mwisho, Vidole alikuwa amenyoosha mkono, anaomba kujibu swali la ubaoni. Mkono ulikaa juu mpaka kengele.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewauliza wale wenzake wawili. Wakatazamana. Eti wao hucheza wenyewe tu. Lakini vidole vya mmoja vikajikunja, vikafanya ile ishara ya “njoo”. Akaviangalia kama ameviazima.

Saa ya kutoka, mama yake Vidole kasimama getini na sweta dogo la bluu.

“Nimekuja kuchukua, dada...” Kaligeuzageuza sweta. “Sijui nimekuja kuchukua nini.”

Mtoto alikuwa amemshika gauni. Nikamwonyesha. Akatazama pale pale, akanikabidhi sweta — huenda ni la mwanafunzi wako, anasema — akaondoka. Vidole akamfuata, hatua tatu nyuma.

Jumanne, 12 Machi
Mkaguzi anakuja saa nne kuchukua vitabu. Vidole kawahi, karudisha chake, mtoto mwaminifu. Nimemvisha sweta. Ile kadi nimeisugua kwa kifutio, kwa mate, mpaka imetoboka. Neno IMEONDOLEWA bado lipo.

Nikafungua kitabu, nikajaribu kusema “samahani” kwa mikono. Vidole vyangu hivi, mithili ya ndizi, vikasema “nina njaa”. Akacheka kwa sauti. Mwalimu wake alikuwa anapita nje. Akasimama.

“Nani anacheka humo?”

Kasikia! Siku tano hakuna aliyemsikia.

Nilikuwa nimeshakimbilia ukurasa wa tatu: “Jina lako nani?” Mtoto akaanza kulitaja kwa mkono, herufi moja moja, na mimi nikilinganisha na michoro ya herufi ukurasa wa mwisho. M. Kisha W. Kadi mpya iko mezani, kalamu iko wazi.

Mkaguzi ameingia. Kitabu nimekikalia. Mwili huu umetaniwa miaka yote, leo umenifaa. Najifanya naandika taarifa yake, ndiyo maana naandika hapa.

“Mama, vipo kumi na tatu. Kimebaki kimoja.”

Nimemwambia natafuta.

“Ulikuwa unaongea na nani?”

Yuko katikati yetu, na sweta lake la bluu. Mkaguzi anapitisha macho juu yake kama juu ya kiti kitupu. Mtoto ananitazama mimi tu. Herufi ya tatu: ngumi, kidole gumba pembeni. Anairudia. Anairudia tena, polepole, anavyomfanyia mtu mzito wa kuelewa.

Siijui. Iko ukurasa wa mwisho. Ili niione, lazima ninyanyuke.