Daftari Limenitangulia

Mwenzangu, nakuandikia nikiwa chooni, hapahapa kwenye kiwanda cha uchapaji. Leo si siku yangu ya pili ya mafunzo? Daftari langu limeshasainiwa mpaka wiki ya sita!

Ya sita! Msimamizi akacheka: "Nimekupunguzia kazi, binti. Shule inataka saini tu."

Saini tu? Hapa kuna namna.

Nikasoma maoni yake. Eti nachelewa kila Jumatatu. Nimeanza jana, nimechelewa lini? Wiki ya nne: "Amejikata kidole gumba kwenye mashine ya kukatia karatasi."

Kidole gumba! Si wewe huyo, mwaka jana? Amenakili daftari lako neno kwa neno!

Nimeichungulia ile mashine. Kile kifuniko cha kisu ulichoniambia kimevunjika, mpaka leo hakijabadilishwa. Na kesho kanipanga hapohapo.