Bastola ya Baba Imevishwa Fedha

Maskati, Alkhamisi, Julai 1966. Joto la leo halisemeki, hata kuta zinatoka jasho.

Nna hasira, na sina wa kumkasirikia.

Bastola ya Baba imerudi kutoka kwa mfua fedha wa Matrah. Ni bastola ya kijeshi, ya vita vile vya kwanza vya Wazungu, na mimi sijazaliwa ilikuwa haipigi tena. Baba aliiacha hapa kwa ndugu yake, Ami Seif, safari yake ya mwisho. Vyake vingine vyote, picha na barua, vilibaki Unguja. Na yeye mwenyewe kauliwa huko siku zile za Mapinduzi, wala kaburi lake hatulijui.

Kwenye mpini wa mbao alichora jina lake kwa msumari. Nasor. Herufi za Kiarabu zilizopindapinda, kama za mtoto wa chuo cha Kurani. Ndiyo mwandiko wake pekee tuliokuwa nao.

Mwezi mzima nlikuwa nikiisugua kutu kwa mafuta ya taa na kitambaa, kidogo kidogo, jina silitii mkono. Mbao ilikuwa na ufa tu. Nlitaka uzibwe, basi.

Ami akasema tutakwenda pamoja kwa mfua fedha. Huku silaha ya marehemu haiachwi uchi, huvishwa fedha kama jambia. Fundi akapitisha kidole gumba juu ya jina, akanitazama mimi, akauliza kama aliache.

"Likwangue," Ami akamjibu. "Fedha ikae vizuri."

Mtu hampingi ami yake mbele ya watu, tena ami aliyenipokea mimi na mama yangu tukiwa na nguo za mwilini tu. Neno moja lingetosha, nkalimeza.

Leo wageni wameipokezana hapa nyumbani, mashaallah, mashaallah. Na kweli, imependeza mno. Ami machozi yalimlenga. "Angeiona baba yako," kaniambia, "angefurahi huyo!"

Nkambusu mkono. Nimlaumu vipi? Naye kafiwa na ndugu yake.

Tangu alasiri nimekaa na kalamu, nnajaribu kuliandika lile jina kama lilivyokuwa. Nukta ya nuni aliiweka katikati au pembeni? Mkia wa re ulishuka mpaka wapi, ya Rabbi?

Nimejaza karatasi nzima. Yote mwandiko wangu.