Mteja mmoja wa Mang'ula

Mboni, soma hii halafu usinipigie. Bado niko chuoni na sauti haitoki.

Leo mwalimu katusimamisha mmoja mmoja, kila mtu aseme amechagua njia gani ya ushauri nasaha na kwa nini. Akaanza Venance, yule ninayefanya naye mazoezi, leo mimi mshauri, kesho yeye.

Akasema amechagua ya kubadilisha fikra kwa sababu ameiona ikifanya kazi. Kwa nani? "Kwa mteja mmoja." Jina hakutaja, mstaarabu sana. Akasema tu anatokea Mang'ula.

Mboni, darasa zima wa Mang'ula ni mimi peke yangu.

Akaeleza yote. Kwamba mama alinipigia simu mara tatu siku aliyofariki na sikupokea. Mara tatu, akaonyesha na vidole. Kitu ambacho ulikuwa unakijua wewe tu, mpaka nilipomwambia kwenye mazoezi. "Nikamsaidia kurekebisha fikra, sasa hajilaumu tena."

Hajilaumu tena. Nani kamwambia?

Na mwalimu anasema, "Mfano mzuri." Mfano, Mboni. Mama yangu.

Halafu akanigeukia. "Na wewe Salha, umechagua ipi?"

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu kumsikiliza mteja. Nikafunga daftari. Nikasema, "Ile ambayo mshauri anajua kufunga mdomo."

Halafu wote wakainama, wakaandika.

Venance naye kaandika. Kapigia na mstari.